Kujifunza Kung Fu na Tai Chi: Anza na Miguu

Mwanafunzi mpya wa kung fu hutazama mikono: ngumi, viganja, makucha ya chui. Mwalimu anayeijua kazi yake hutazama miguu ya huyo mwanafunzi. Pigo huanzia kwenye wayo unaosukuma sakafu, hupanda kwenye nyonga na kiuno, ndipo lifike mkononi. Tai chi, sanaa ya mapigano ya China kama kung fu, hupita njia hiyohiyo, ila polepole kiasi kwamba kila kosa la njiani linaonekana. Ndiyo maana shule nyingi hufundisha vyote viwili chini ya paa moja, na ndiyo maana katika miezi ya kwanza swali la kujiuliza kila mara ni hili: uzito wangu sasa uko mguu gani?

Kabla ya kulipa ada

Omba kutazama kipindi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ushiriki kipindi cha majaribio. Angalia kama mwalimu anapita kwa wanafunzi wapya mmojammoja kuwarekebisha, au anasimama mbele tu huku wengine wakimwigiza. Angalia magoti ya wanafunzi wa zamani. Yakiwa yanaangukia ndani wakati wa kuchuchumaa na hakuna anayesahihishwa, shule hiyo itakuharibia magoti na wewe. Mwalimu makini atakuuliza kuhusu majeraha ya zamani, mgongo, moyo na shinikizo la damu kabla hujapiga hatua moja. Anayedai kumwangusha mtu bila kumgusa, mwache na madai yake.

Uliza pia mtindo. Mitindo ya kaskazini mwa China, kama ile inayohusishwa na hekalu la Shaolin mkoani Henan, ina mikao mirefu na mateke ya juu. Wing Chun, ya kusini, hupigana kwa ukaribu na husimama juu zaidi. Hung Gar nayo ni ya kusini, lakini mikao yake ni ya chini na mizito. Kwa upande wa tai chi, mtindo wa Chen ulitoka kijiji cha Chenjiagou, hukohuko Henan, na huchanganya mwendo wa polepole na milipuko ya ghafla ya nguvu. Yang Luchan alijifunza kijijini hapo katika karne ya 19, na mtindo wa Yang uliotokana naye ndio unaofanywa na watu wengi zaidi leo. Mwenye magoti dhaifu atafaa kuanza na Yang kwa mkao wa juu, au mtindo wa Sun, ambao husimama juu kwa asili yake.

Suruali iwe pana kwenye nyonga. Viatu viwe bapa, vyepesi, na soli nyembamba. Kiatu cha kukimbilia chenye mpira mzito hushika sakafu unapogeuka, na msokoto ambao ungeishia kwenye wayo unahamia kwenye goti. Godoro laini lina tatizo hilohilo: linafaa kwa mazoezi ya kuanguka, halifai kwa tai chi.

Mikao ya kung fu

Kipindi huanza kwa salamu: mkono wa kulia umekunja ngumi, kiganja cha kushoto kimeufunika, vyote mbele ya kifua. Mwalimu huitwa shifu. Kisha dakika 10 hadi 15 za kupasha mwili joto: kukimbia taratibu, kuzungusha vifundo vya miguu, nyonga na mabega. Kunyoosha misuli kwa kuishikilia kwa muda mrefu kuache hadi mwisho wa kipindi, sekunde 20 hadi 30 kwa kila msuli.

Mkao wa farasi ndio wa kwanza. Panua miguu kwa umbali wa nyayo zako tatu hivi, vidole vikitazama mbele. Kaa chini kwa kukunja nyonga na magoti kwa pamoja, mgongo ukiwa wima. Kila goti lielekee upande uleule wa vidole vya mguu wake. Katika mkao kamili paja linakaribia kulala sambamba na sakafu, lakini anayeanza asishuke hapo. Shuka hadi pale ambapo bado unaweza kupumua kawaida na kuuweka mgongo wima. Shikilia sekunde 20, pumzika, rudia mara tatu. Kila wiki ongeza sekunde 10. Mapaja yatatetemeka, na hilo ni sawa. Maumivu makali ndani ya goti si sawa: inuka mara moja, punguza upana, na utazame goti linaelekea wapi.

Makosa ya mkao huu ni yaleyale kila mahali. Makalio yanachomoza nyuma kwa sababu vifundo vya miguu vimekakamaa, hivyo mwili unatafuta mizani kwa kuinama mbele. Dawa yake ni kusimama juu kidogo na kunyoosha misuli ya shavu la mguu kila siku, si kujilazimisha. Kosa la pili ni kukaa juu ya kingo za ndani za nyayo. Hisi sehemu tatu zikigusa sakafu kwa nguvu sawa: kisigino, mzizi wa kidole gumba, na mzizi wa kidole kidogo.

Mkao wa upinde hutoka hapo. Mguu wa mbele umekunjwa, goti likiwa juu ya wayo bila kuvuka ncha za vidole. Mguu wa nyuma umenyooka, kisigino kimebaki chini, vidole vimegeuzwa kuelekea mbele kwa mshazari. Usiweke miguu yote miwili kwenye mstari mmoja. Ukifanya hivyo msukumo mdogo wa pembeni utakuangusha, na nyonga haitaweza kugeuka mbele. Kisigino cha nyuma kikiinuka, hatua yako ni ndefu mno, ifupishe.

Mkao mtupu huweka karibu uzito wote mguu wa nyuma, vidole vya mbele vikigusa tu sakafu. Mkao wa kuchuchumaa kwa mguu mmoja huku mwingine umenyooshwa pembeni, na ule wa miguu iliyopishana, hukamilisha mikao mitano ya msingi. Hiyo miwili ya mwisho inakunja goti kwa pembe kali sana, kwa hiyo icheleweshe hadi farasi na upinde vikae imara.

Ngumi na teke

Kunja vidole vinne kwanza, kisha funga kidole gumba kwa nje, juu ya cha shahada na cha kati. Gumba likiwa ndani ya ngumi, linaweza kuvunjika siku ya kwanza utakapogonga kitu kigumu. Ngumi huanzia kiunoni, kiganja kikitazama juu. Kiwiko kinasugua mbavu kikienda mbele, na mkono unageuka kiganja chini katika sehemu ya mwisho ya safari, si mwanzoni. Kifundo cha mkono kinyooke ili vifundo vya vidole viwili vya kwanza ndivyo vitakavyogusa. Wing Chun hupiga ngumi ikiwa imesimama wima, kwa hiyo fuata shule yako. Wakati mkono mmoja unatoka, mwingine unarudi kiunoni kwa kasi ileile.

Bega likipanda kuelekea sikio, nguvu imekatika hapo. Na ukipiga hewani usikifyatue kiwiko hadi mwisho wake. Acha mkunjo mdogo sana, la sivyo baada ya wiki chache kiwiko kitauma bila sababu unayoielewa.

Teke la kwanza ni la mguu ulionyooka, unaorushwa mbele na juu huku vidole vimevutwa kuelekea ugoko. Mguu uliosimama nao unyooke, kisigino kikae chini. Urefu si muhimu mwanzoni. Teke la kiunoni lenye mgongo wima lina faida kuliko teke la usoni linalopatikana kwa kuinamisha kichwa kulifuata.

Hatua ya tai chi

Hapa ndipo muda mwingi unapaswa kutumika, na hapa ndipo wengi hukimbilia mikono. Fanya hatua peke yake, mikono ikiwa mgongoni, kabla ya kujifunza muondoko wowote.

Weka uzito wote mguu wa kushoto, goti limekunjwa kidogo. Vuta mguu wa kulia karibu, kisha uupeleke mbele na pembeni, ukiweka kisigino tu. Simama hapo. Je, unaweza kuuinua tena bila mwili kuyumba? Ukishindwa, umeanguka juu ya mguu badala ya kuuweka, na hatua yako ni ndefu. Ukiweza, laza wayo, kisha sogeza uzito mbele taratibu hadi kama asilimia 70. Umbali wa upande kati ya mistari ya miguu uwe sentimita 10 hadi 30, kulingana na muondoko. Ili kuendelea, rudisha uzito nyuma, geuza vidole vya mguu wa mbele nje kama digrii 45, rudi mbele, na ndipo mguu wa nyuma uje.

Kule kurudisha uzito kabla ya kugeuza wayo kuna maana kubwa. Wayo ukigeuka wakati umebeba mwili wote, goti ndilo linalosokotwa, na maumivu mengi ya magoti kwa wanaofanya tai chi huanzia hapo. Ipo mitindo inayogeuza mguu uliobeba uzito, lakini nyonga lazima iwe imelegea kwanza, jambo ambalo mwanafunzi mpya bado hana.

Kichwa kibaki kwenye kimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho wa hatua. Utosi uwe kama umening'inizwa, mabega na viwiko vishuke, na kiuno ndicho kiongoze mikono. Pumua kwa pua, kawaida tu. Kulazimisha pumzi ifuate mikono mapema huleta kizunguzungu.

Shule nyingi huanza na mfululizo wa miondoko 24, uliotungwa nchini China mwaka 1956 kutokana na mtindo wa Yang. Unachukua dakika tano au sita. Jifunze miondoko miwili au mitatu kwa kipindi, na uirudie nyumbani kesho yake, kabla haijapotea. Mwalimu akiwa anakutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Simama nyuma yake kwa mshazari. Ukishaukariri, ufanye ukianzia upande tofauti wa chumba. Ukipotea, ujue ulikuwa umekariri ukuta.

Simama pia kama unakumbatia shina la mti, magoti yamelegea, dakika tatu kwa kuanzia, hadi 15 baada ya miezi. Mikono ikifa ganzi, mabega yamepanda. Kichwa kikizunguka, ama umekaza magoti, ama umezuia pumzi. Tembea kidogo kisha keti.

Kupanga wiki na kukutana na mwenzako

Vipindi viwili shuleni na dakika 15 nyumbani kila siku vinazaa zaidi ya saa tatu za Jumamosi pekee. Usijifunze muondoko mpya wa tai chi mara tu baada ya mikao mirefu ya kung fu. Mapaja yaliyochoka hayashikilii goti, nalo huanza kuangukia ndani bila wewe kujua. Siku hiyo rudia unachokijua tayari.

Mazoezi ya kusukumana mikono huja baada ya mfululizo kukaa mwilini. Wawili husimama mkao wa upinde, vifundo vya mikono vimegusana, wakizungusha taratibu. Ukisukumwa, rudisha uzito nyuma na ugeuze kiuno ili nguvu ipite kando. Usiizuie kwa bega. Unayemsukuma akiwa mgumu, usiongeze nguvu, tafuta mahali uzito wake ulipoegemea. Mapambano ya kung fu yasubiri hadi uweze kusimamisha ngumi karibu na shabaha bila kuigusa, na hata hapo vaa glavu, kinga ya meno, ya ugoko na ya kinena.