Kuchora fonti ya mawe: somo kwa wanaoanza

Mtu akilitazama Jiwe la Bismarck kutoka ufukweni hapa Mwanza, huona jiwe limekaa juu ya mengine kana kwamba upepo mmoja tu utalitupa ziwani, kumbe limetulia hapo miaka na miaka. Fonti tutakayoichora katika somo hili inatokana na mandhari hayo: kila herufi itajengwa kwa mawe mawili au matatu, lile zito likiwa juu. Ni fonti ya mabango, fulana na vichwa vya habari, wala si ya kusomea kitabu kizima, na kwa sababu hiyo ina ruhusa ya kucheza.

Hatua ya kwanza: andika kanuni moja. Iandike kwa maneno kabla hujashika penseli. Anayeanza hudhani kwamba kufanya majaribio ni kuiacha kila herufi iende na lake, na matokeo yake ni neno lisilosomeka wala kupendeza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Waholanzi wawili, Erik van Blokland na Just van Rossum, walitengeneza fonti ya Beowolf, ambayo nukta za kingo zake zilisogea kwa bahati nasibu kila ilipochapwa, hata herufi ileile ikitokea mara mbili haikufanana. Mchezo huo ni mkubwa, lakini umebebwa na kanuni moja tu, na chini yake zimo herufi za kawaida ambazo jicho linazifahamu. Kanuni yetu ni hii: zito juu, jepesi chini, na mawe yagusane mahali pamoja tu.

Hatua ya pili: chora kwa mkono, ukianza na herufi ambazo Kiswahili kinazitumia. Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi. Nilitumia wiki nzima kuzipamba Q na X, kisha nikaandika «Dagaa wa Mwanza» nione sura ya fonti yangu. Maneno hayo yana herufi 13, na sita kati yake ni a. Q na X hazimo kabisa. Ile a yangu ilikuwa na jiwe lililoinama sana, na kwa kuwa ilijirudia mara sita, mstari mzima ulionekana kama shanga zilizokatika uzi. Tangu hapo huanza na a, n, o, k, m, w na i, na a huifanya iwe tulivu kuliko zote, huku madoido nikiyaachia k na z, ambazo hazijirudii kama a. Maneno kama «kaa» na «dagaa» yanahitaji jambo la ziada: chora aa kama umbo moja lenye mawe tofauti kidogo, nawe utaweza kuiagiza fonti iliweke umbo hilo kila a mbili zinapofuatana.

Nenda pia Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, ukatazame majina yaliyoandikwa ubavuni mwa mitumbwi. Mchoraji mmoja niliyemtazama akiwa kazini hakupiga mstari wowote, bali alitumia maungio ya mbao: herufi zake zilisimama juu ya ungio la chini na kukoma kwenye la juu, isipokuwa O, ambayo aliipitisha unene wa brashi juu na chini. Hakukosea. Umbo la duara likilinganishwa sawasawa na herufi bapa, jicho huliona dogo, kwa hiyo ikiwa herufi zako kubwa zina kimo cha vizio 700 (vipimo vidogo vya kuchorea fonti kwenye kompyuta), O ianze karibu na 10 chini ya mstari na iishie karibu na 710. Katika fonti ya mawe, ambayo karibu kila kitu ni cha mviringo, kosa hili ndilo linaloonekana kwanza.

Hatua ya tatu: ingiza kwenye kompyuta. Piga picha ya michoro yako mchana kwenye mwanga mzuri, igeuze kuwa mistari kwa Inkscape, kisha ilete kila herufi ndani ya FontForge, ukiwa umeweka mraba wa herufi kuwa vizio 1000. Programu zote mbili ni za bure. Mistari inayotokana na picha huja na nukta nyingi kupita kiasi. Zifute, ubakize zile za kilele, za chini kabisa na za ubavuni, kwa sababu mkunjo wenye nukta chache ndio ulio laini.

Hatua ya nne: nafasi. Weka kwanza nafasi za n, yaani weupe wa kushoto na kulia kwake, halafu za o ziwe finyu zaidi, kisha andika «nnonnoonn» mpaka weusi na weupe vitembee kwa mwendo mmoja. Herufi nyingine zitafuata hizo mbili. Jozi kama Wa, Ya na Ta zirekebishwe mwisho kabisa, maana ukizianza mapema utakuwa unaficha makosa ya nafasi za msingi. Iangalie pia ng': ritifaa yake isiache shimo katikati ya «ng'ambo». Kwa kuwa simu nyingine huandika ritifaa iliyonyooka na nyingine iliyopinda, zichore zote mbili zifanane.

Ukimaliza, tengeneza faili la OTF, ambalo ni faili la fonti linalosakinishwa kwenye kompyuta, lisakinishe, kisha uchape karatasi na kuibandika ukutani, uisome ukiwa umbali wa hatua kumi.

Maswali ya wanafunzi

*Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Igoma na sina kompyuta. Nisubiri?*

Marahaba, mwanangu. Usisubiri. Hatua mbili za kwanza ni za karatasi, nazo ndizo zinazoamua kama fonti ina uhai. Tafuta daftari la miraba, uchore zile herufi saba mpaka uzipende. Kompyuta ya kuazima siku chache itakutosha baadaye.

*Tundu la o limejaa weusi. Nimekosea wapi?*

Mstari wa nje na wa ndani vinazunguka upande mmoja. Iamuru FontForge isahihishe mwelekeo, na tundu litafunguka.

*Je, tarakimu ni lazima?*

Ndiyo, dada, na ni vyema uzichore mapema. Bango la duka bila bei na namba ya simu halijakamilika, na bei zetu huandikwa 5,000/=, kwa hiyo mkwaju (/) na alama ya sawasawa (=) vinahitaji mawe yake kama herufi nyingine.

*Nikitaka wengine waitumie bure, nifanyeje?*

Iambatishe na leseni ya SIL Open Font License, inayoruhusu watu kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, huku ikikataza fonti yenyewe kuuzwa peke yake.

*Mwalimu, naweza kupiga picha herufi za mtumbwini na kuzigeuza fonti?*

Mwendee kwanza aliyezichora. Mkono ule ni kazi yake, na ameupata kwa miaka mingi ya kusimama juani. Mweleze unachotaka kufanya, muulize kama anaridhia na kama angependa jina lake liandikwe ndani ya faili, kisha umwombe akuchoree herufi ambazo hukuzipata kwenye jina la mtumbwi, na umlipe kwa kazi hiyo.