Kimo cha kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu

Grini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo la mpira) ikianza kutoa mabaka ya njano, wengi hukimbilia mbolea au dawa ya ukungu. Anza na mashine. Mara nyingi chanzo ni kimo cha mkato kilichoshushwa haraka, au visu butu.

Nyasi fupi hubaki na jani dogo la kutengenezea chakula, na mizizi nayo hufupika. Grini ya bermuda kibete, aina ya nyasi fupi, huvumilia milimita 3 hadi 4, tii (pa kuanzia kupiga) 10 hadi 12, rafu (nyasi ndefu za pembeni) 40 hadi 60. Fewei (njia ya kati kutoka tii hadi grini) za nyasi ya kikuyu, kama zile za nyanda za juu za Kenya, hukaa vizuri kati ya 12 na 18. Usiondoe zaidi ya theluthi ya jani kwa mkato mmoja: fewei ya milimita 15 ikatwe kabla haijapita 22. Kikuyu ikiachwa irefuke wakati wa masika kisha ikashushwa ghafla, mashina ya kahawia hubaki wazi na fewei huonekana kama imeungua. Ikishakuzidi, ishushe kwa mikato kadhaa, ukipisha siku chache.

Kupanga mashine ya silinda, ile ya visu vinavyozunguka juu ya kisu cha chini kisichosogea: zima injini, chomoa waya wa plagi, vaa glavu nene. Laza upau wa kupimia uguse rola ya mbele na ya nyuma, kichwa cha skrubu kishike ukingo wa kisu cha chini. Pima kushoto na kulia. Pande zikipishana hata kidogo, grini itatoka na michirizi. Kisha ingiza kipande cha gazeti kati ya silinda na kisu cha chini, uzungushe silinda taratibu kwa mkono. Karatasi ikatike safi toka mwanzo hadi mwisho wa kisu. Ikikunjwa au kuchanika, rekebisha kisu; isipokubali, noa. Siku inayofuata piga magoti uangalie ncha za majani: zikiwa nyeupe na zenye nyuzi, zimeraruliwa, na hapo ndipo ugonjwa hupata mlango.

Badili mwelekeo kila siku, la sivyo nyasi hulala upande mmoja na kuuvuta mpira. Mzunguko wa mashine ukingoni mwa grini uruke siku moja au mbili kwa wiki, kwani magurudumu hupita palepale kila mara. Baada ya kutandaza mchanga, mwagilia ushuke kwanza; mchanga humaliza makali kwa mkato mmoja tu.

Kushusha grini, punguza nusu milimita au chini ya hapo, kisha subiri wiki. Kiangazi kikikaza au mawingu yakidumu, pandisha nusu milimita. Wachezaji wakidai kasi ya mpira kwenye grini, pitisha rola udongo ukiwa haujalowa, na kimo ukiache hapohapo.