Jinsi ya kukaa na mstari mmoja wa Biblia kama wamonaki wa jangwani

Wengi wetu Januari tunaanza ile ratiba ya kumaliza Biblia mwaka mzima, tukifika Walawi pumzi zimekata, au tunamaliza kweli lakini ukiulizwa jana ulisoma nini hukumbuki hata neno. Wamonaki wa kwanza, yaani watawa waliojitenga kule jangwani Misri, karne ya 4, walikuwa na njia yao, na baadhi yao hata kusoma walikuwa hawajui.

Mmoja wao, Pambo, alikuwa hajui. Akamwendea mtu amfundishe zaburi, yule akaanza na Zaburi 39, "nitazitunza njia zangu, nisije nikakosa kwa ulimi wangu", Pambo akasema inatosha, ngoja nikaufanye huo kwanza. Akapotea miezi 6! Kuulizwa mbona hurudi, akajibu bado sijaujua kwa matendo. Miaka mingi baadaye akaulizwa tena, akasema kwa miaka 19 ndo kwanza ameuweza kidogo.

Sasa wewe anza hivi. Tafuta mstari mfupi, ule unaokugusa wewe, sio ule unaoona ungemfaa jirani. Antoni, kabla hajawa mmonaki, aliingia kanisani akakuta inasomwa Mathayo 19:21, uza ulivyo navyo uwape maskini, akaipokea kama ameambiwa yeye peke yake, akatoka akagawa mali.

Ukishaupata usiuwazie tu kichwani, utamke. Kutafakari kwao kulikuwa kunong'ona, mdomo unafanya kazi na mikono inafanya kazi, wameloweka majani ya mtende yalainike, wanasuka ukili, wanashona vikapu, huku mstari unarudi na kurudi. Mimi huwa nafanya nikichambua mchele, sinia mapajani, kidole kinatoa kijiwe neno moja linatoka, kijiwe kingine neno lingine, mpaka mchele unaisha maneno yameshaingia yenyewe bila kukariri. Kufua pia inafaa, kuosha vyombo, hata kwenye daladala ukinong'ona taratibu hakuna anayesikia.

Mawazo yatahama, hilo lisikutishe. Yohane Kasiano, naye mmonaki, alikwenda mpaka Misri kujifunza sala, mzee wa kule, Abba (yaani baba) Isaka, akampa Zaburi 70:1, ule wa kumwomba Mungu aje hima kusaidia, akamwambia autumie ukimjia usingizi, hasira ikipanda, tamaa ya chakula ikimshika, na hata mambo yakimnyookea ili asijivune. Ndo huo huo unaofungua masifu ya jioni, yaani sala ya jioni ya Kanisa, mpaka leo. Kwa hiyo ukijikuta umeshafika sokoni kimawazo, usijigombeze, sema huo halafu rudi kwenye mstari wako.

Na usikimbize. Wale waliona mistari 10 kwa kuelewa ni bora kuliko zaburi nzima ya haraka haraka, wakimaliza zaburi wanasimama kimya kidogo, wanasujudu mara moja tu wanainuka, maana ukikaa chini sana usingizi unakuchukua.

Kuhama mstari ni pale unapouona kwenye maisha yako. Mimi nilichukua huo huo wa Pambo tangu Kwaresma, na juzi nimeandika ujumbe mrefu wa hasira kwenye grupu la familia, kidole kiko pale pa kutuma, ukanijia mdomoni, nikafuta wote. Ila jioni yake nilimsema mtu vibaya, kwa hiyo bado niko nao.