Tempo ndiyo ifuate kaseti

Wenzangu mnaorekodi hapa Mombasa, mkiletewa kaseti ya taarabu ya harusi muiongezee besi au kinanda, msiivute sauti ifuate gridi, yaani mistari ya mapigo kwenye programu ya kurekodia. Gridi ndiyo iwafuate wapigaji. Kwanza zima uvutaji wa sauti (kwenye programu ya Ableton Live ni kitufe cha Warp), la sivyo ukigusa tempo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika, na rekodi nayo itavutika.

Kisha hesabu mapigo 32 kuanzia pigo zito la ngoma ya dumbaki, zidisha kwa 60, gawanya kwa sekunde zilizopita. Sekunde 20 ni tempo ya 96. Programu ikikisia 48 au 192, imeshika nusu au maradufu tu.

Mdundo wa chakacha ndio huwachanganya wengi. Ni 6/8: ukihesabu mapigo mawili makubwa kwa kila baa (fungu la mapigo), zidisha jibu kwa 1.5, maana programu nyingi hupima tempo kwa robo noti, na kila pigo kubwa ni robo noti moja na nusu. Mapigo 80 yawe 120.

Na namba moja haitoshi wimbo mzima. Waimbaji wakianza kutuzwa, mwendo hupanda! Weka alama mpya ya tempo kila baada ya baa nne, na pale panapokimbia, kila baa.