Umeshitakiwa kwa deni la zamani? Namna ya kujibu mahakamani

Samansi ya deni la miaka mingi ikifika, wengi huiweka kabatini wakiamini deni limeshakufa, au humpigia mdai simu kuomba radhi na kumtumia chochote kidogo. Yote mawili yanaweza kukugharimu. Maelezo haya ni ya kesi za Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, Tanzania Bara. Mahakama ya Mwanzo ina taratibu zake.

Hatua ya 1: Andika tarehe uliyopokea samansi. Iandike papo hapo kwenye nakala yako. Kuanzia hapo una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikikaribia kwisha hujawa tayari, omba kuongezewa muda mapema. Ombi linaweza kupokelewa hata ndani ya siku 7 baada ya muda kupita, lakini uwe na sababu ya msingi. Ukinyamaza, mdai anaweza kupewa hukumu ya upande mmoja, na mgeni wako anayefuata atakuwa dalali wa mahakama, anayekuja kukamata mali.

Hatua ya 2: Hesabu umri wa deni. Hapa ndipo kesi nyingi za namna hii huamuliwa, kwa hiyo usiharakishe. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 ya kufungua kesi kwa madai yatokanayo na mkataba. Unahesabu tangu siku deni lilipotakiwa kulipwa likakosa kulipwa, hadi siku kesi ilipofunguliwa (si siku ulipopokea samansi).

Tuseme ulitakiwa kulipa tarehe 30 Juni 2016, na kesi imefunguliwa Machi 2024. Miaka 6 iliisha Juni 2022, kwa hiyo dai limepitwa na wakati. Lakini kama Mei 2019 ulimtumia mdai shilingi laki moja kwa simu kupunguza deni, hesabu ilianza upya siku hiyo, na dai linaishi hadi Mei 2025. Kukiri deni kunaweza kuleta matokeo hayohayo. Ndiyo maana nawasihi wateja: kabla hujajua umri wa deni, usilipe hata senti na usiandike meseji ya "nivumilie kidogo". Pekua miamala na meseji zako zote za nyuma.

Hatua ya 3: Jibu aya kwa aya. Kuandika tu "nakanusha madai yote" hakutoshi. Jambo usilolikana waziwazi huhesabiwa umelikubali. Andika hivi: "Aya ya 4 inakanushwa. Mdaiwa alilipa shilingi 800,000 tarehe 12 Februari 2015, risiti imeambatanishwa." Kama deni limepita muda, weka pingamizi la awali (hoja ya kisheria ya kutaka kesi itupwe kabla ya kusikilizwa) mwanzoni mwa utetezi. Sheria inaitaka mahakama itupe dai lililochelewa hata usipolisema, ila mimi nasema liseme. Pingamizi hilo lina nguvu zaidi pale tarehe zinapoonekana kwenye hati ya madai yenyewe. Zikihitaji ushahidi, huenda hakimu akaliacha hadi wakati wa kusikiliza.

Hatua ya 4: Wasilisha, kisha mpe mdai nakala. Tunza uthibitisho wa kupokelewa.

Hatua ya 5: Kama deni ni halali na halijapita muda, usikwepe. Kesi itapitia usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Nenda na pendekezo la awamu unazoziweza kweli, na mkikubaliana, yaandikwe na kusajiliwa mahakamani. Hata baada ya hukumu, unaweza kuiomba mahakama ikuruhusu kulipa kidogo kidogo. Peleka ushahidi wa kipato chako na matumizi ya nyumbani.