Ile linki ya Drive uliyotupa kwenye grupu
Kama wewe ndiye katibu wa chama na orodha ya wanachama, yenye nambari zao za vitambulisho, iko Google Drive, ifungue sasa hivi ubonyeze sehemu ya kushiriki. Ukikuta yeyote mwenye linki anaruhusiwa kuiona, basi hata aliyejitoa kwenye grupu mwaka juzi bado anaisoma. Yangu ilikaa wazi miezi minane! Badilisha, weka barua pepe za wanaohusika tu, tena wengi wapewe kusoma, si kuhariri. Na usijifariji kwamba Google ndio watunzaji: kwa Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, mwenye kukusanya taarifa ndiye wa kuulizwa, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, ana saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.