Kufunga Ekadashi: Kusoma Panchang, Kupika na Kufungua kwa Wakati

Ekadashi ni siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi wa Kihindu: moja mwezi unapokua, nyingine unapopungua. Kwa mwaka huwa 24, na hufika 26 mwaka ukiongezewa mwezi wa ziada. Waumini wa Vishnu, wakiwemo Wagujarati wengi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, hawagusi nafaka wala jamii ya kunde siku hiyo. Njaa yenyewe huzoeleka. Kinachowaharibia wengi mfungo ni saa.

Tarehe ni ya mji wako

Siku inayohesabiwa ni tithi, yaani muda ambao mwezi unachukua kuliacha jua kwa nyuzi 12. Mwendo wa mwezi haulingani, hivyo tithi huchukua kama saa 19 hadi 26, na huingia saa yoyote, usiku au mchana. Unafunga siku ambayo jua linachomoza Ekadashi ikiwa imeshaingia. Vaishnava, madhehebu ya Vishnu yenye kanuni kali, hukaza zaidi: iwe imeingia dakika 96 kabla ya macheo, Dashami, siku ya 10, ikigusa muda huo, mfungo husogea kesho yake. Ukiona panchang, yaani kalenda ya Kihindu, ina tarehe mbili, ya Smarta (wanaofuata kanuni ya macheo tu) na ya Vaishnava, fuata ya hekalu lako.

Tithi huingia kwa wakati mmoja dunia nzima, lakini jua halichomozi kwa wakati mmoja. Tuseme ni Aprili, na Ekadashi inaingia Jumanne saa 1:00 asubuhi Mumbai na kudumu saa 24. Huko jua lilishachomoza kama saa 12:20, kwa hiyo wanafunga Jumatano. Nairobi wakati huohuo ni saa 10:30 alfajiri, macheo ni kama saa 12:30, kwa hiyo hapa ni Jumanne. Anayetumiwa tarehe na shangazi aliyeko Gujarat atafunga siku isiyo yake. Kwenye programu ya simu, badilisha mji kabla ya kusoma chochote.

Siku ya kutangulia

Jioni kula kidogo, na mapema. Vitu vya kukaanga vyenye chumvi nyingi vitakutesa kwa kiu kesho yake. Piga mswaki vizuri, punje ya wali isilale mdomoni. Majani ya tulsi ya ibada yachume leo. Wengi hawayachumi Ekadashi, na Dvadashi, siku ya 12, ni mwiko.

Asubuhi, ukishaoga, weka nia na utaje aina ya mfungo: bila maji (nirjala), maji tu, matunda na maziwa, au mlo mmoja wa farali, yaani chakula cha mfungo kisicho na nafaka wala kunde. Mgeni aanze na farali. Wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari wazungumze na daktari kwanza. Wajawazito, wagonjwa na wazee hawabanwi.

Jikoni

Kilichokatazwa: mchele, ngano, mahindi, dengu, choroko, mbaazi, maharage. Kinachoruhusiwa: viazi, muhogo, karanga, matunda, maziwa, mtindi, samli, unga wa mbegu za mchicha (rajgira), na moraiyo, punje ndogo nyeupe za jamii ya ulezi ambazo kwenye mfungo hazihesabiwi nafaka. Chumvi iwe ya mawe. Mtego mkubwa ni mvuje wa kopo, kwani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Haradali na manjano, kila nyumba ina desturi yake, uliza wakubwa.

Farali inayopikwa sana ni kichri ya sabudana, punje nyeupe zinazotokana na muhogo. Kwa watu wawili au watatu, osha kikombe 1 mara tatu nne mpaka maji yasiwe meupe, kisha loweka kwa robo tatu kikombe cha maji, saa 4 hadi 6. Ibonyeze punje kwa vidole: ikisagika yote, iko tayari, ikibaki na kiini kigumu, nyunyizia maji kidogo, ngoja nusu saa. Changanya na nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Pasha vijiko 2 vya samli, tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba, pilipili mbichi 2, na viazi 2 vilivyochemshwa na kukatwa. Tia sabudana, geuza taratibu dakika 4 hadi 6 mpaka punje zianze kung'aa, ipua, kamulia ndimu. Ikigeuka gundi, ama hukuosha wanga wa kutosha, ama maji ya kuloweka yalizidi, ama uliikawiza motoni.

Kufungua (parana)

Hufunguliwi na macheo peke yake. Robo ya kwanza ya Dvadashi, Hari Vasara, lazima ipite, na ufungue kabla Dvadashi haijaisha. Katika mfano wetu, tukiipa Dvadashi nayo saa 24, mtu wa Nairobi atasubiri mpaka saa 4:30 asubuhi Jumatano. Wa Mumbai atafungua Alhamisi kati ya saa 12:20 na saa 1:00, dakika 40 tu, kwa hiyo wali uwe jikoni kabla jua halijatoka. Dvadashi ikiisha kabla ya macheo, fungua jua likishachomoza.

Uliyekula matunda au farali, fungua kwa nafaka, hata tonge moja. Wa nirjala akibanwa na safari au kazi, maji yanatosha ndani ya muda huo; chakula kitafuata.